Kwa Mjomba Sam: Pale Mgonjwa Anapoishitaki Serikali

Ukisikia Mmarekani kaishitaki serikali yake, haraka haraka unawaza mambo mazito: uchaguzi, vita, ubaguzi wa rangi. Kumbe kila mwaka maelfu ya kesi zinazofika kwenye mahakama za shirikisho za nchi ile ni za watu wa kawaida kabisa. Dereva aliyevunjika mgongo. Mama anayeugua ugonjwa wa akili. Fundi ambaye moyo wake umechoka. Wote wanadai kitu kimoja, mafao ya ulemavu waliyonyimwa.

Njia hiyo ya mahakamani ina historia yake, na tuianze mwanzo. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilisainiwa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1935, wakati uchumi umelala chini. Mwaka 1939 Congress, yaani bunge lao, ikaongeza kifungu: asiyeridhika na uamuzi wa mwisho aende mahakama ya shirikisho ndani ya siku 60. Wakati huo mafao ya ulemavu hayakuwepo hata kidogo. Yalikuja mwaka 1956, tena kwa mbinde, maana Seneti iliyakubali kwa kura 47 dhidi ya 45. Mwanzoni walilipwa wenye miaka 50 hadi 64 tu, na kikomo hicho cha chini kikaondolewa mwaka 1960.

Waliopinga walikuwa na swali gumu: ulemavu utapimwaje? Uzee una cheti cha kuzaliwa. Maumivu ya mgongo hayana cheti.

Swali hilo ndilo lililomkuta Bwana George Eldridge wa Virginia. Alianza kulipwa mwaka 1968. Mwaka 1972 akatumiwa fomu ya maswali, akaijaza, na miezi michache baadaye akaambiwa kwamba ulemavu wake umekwisha. Malipo yakakatwa. Akaenda mahakamani na hoja moja: kabla hamjanikatia, nisikilizeni kwanza. Mahakama mbili za chini zikamkubalia. Lakini Februari 1976 Mahakama ya Juu ikasema hapana, kusikilizwa baada ya kukatiwa kunatosha. Majaji wenyewe walikiri kwamba kutoka kukatiwa mpaka kupata uamuzi baada ya kusikilizwa kulipita zaidi ya mwaka mmoja. Jaji William Brennan, aliyepinga hukumu hiyo, aliandika kilichomtokea Eldridge katika kungoja: nyumba ilichukuliwa, samani zikachukuliwa, yeye na mkewe na watoto wakawa wanalala kitanda kimoja.

Balaa kubwa lilikuwa bado. Sheria ya mwaka 1980 iliagiza wanaolipwa wahakikiwe upya mara kwa mara, na utawala wa Rais Ronald Reagan ukaanza kazi hiyo kwa kasi Machi 1981. Katika miaka kama mitatu, karibu watu nusu milioni waliambiwa wamepona. Mmojawapo alikuwa Roy Benavidez, shujaa wa vita ya Vietnam mwenye vipande vya chuma moyoni. Reagan mwenyewe alimvisha Medali ya Heshima mwaka 1981. Mwaka 1983 Idara ya Hifadhi ya Jamii ikamwona anaweza kufanya kazi! Akaenda kutoa ushahidi mbele ya wabunge, na baadaye akarudishiwa mafao yake.

Wengi walikata rufaa, na mahakama zikaanza kuibana idara: onyesheni kwanza kwamba mtu huyu amepata nafuu. Hapo ndipo kioja kilipotokea. Idara ilimlipa aliyeshinda kesi, basi. Jirani yake mwenye tatizo lile lile alikatiwa kama kawaida mpaka naye aende mahakamani. Mwaka 1983 kesi ya Lopez dhidi ya Waziri Margaret Heckler ilifunguliwa California kupinga mchezo huo. Magavana nao wakachoka, na kufikia 1984 zaidi ya nusu ya majimbo yalikuwa yameacha kukata watu kwa utaratibu ule, mengine kwa amri ya mahakama, mengine kwa kugoma.

Congress ikasalimu amri. Januari 1983 iliruhusu mtu aendelee kulipwa mpaka asikilizwe na jaji wa idara, kitu kile kile alichonyimwa Eldridge. Oktoba 1984 ikaja sheria ya kudai ushahidi wa nafuu kabla ya kumkatia mtu. Bunge la Wawakilishi lilipiga kura 402 kwa sifuri, Seneti 99 kwa sifuri. Reagan akasaini.

Leo mtu hupitia kwanza ngazi za ndani ya idara: kuomba uamuzi uangaliwe upya, jaji wa idara, kisha Baraza la Rufaa. Ndipo siku zile 60 zinaanza kuhesabiwa. Na usitegemee sinema. Hakuna baraza la wazee wa kuamua, hakuna mashahidi wapya. Jaji anasoma faili na kujiuliza kama sheria ilifuatwa na kama uamuzi una ushahidi wa kutosha, hata kama yeye angeamua vingine. Anayeshinda kwa kawaida hapewi hela pale pale. Faili hurudishwa idarani kusikilizwa tena, na kesi nyingi huishia hivyo.

Ushindi mdogo? Pengine. Lakini katika ile nusu milioni, kama watu 200,000 walirudishiwa mafao kwa kukata rufaa. Hawakuwa na chama wala maandamano, kila mmoja alibeba bahasha yake. Waliobaki nyumbani wakiamini kwamba serikali ikishasema imesema, mafaili yao hayakumfikia jaji yeyote.

Swali ninalowaachia ni hili: hukumu ina thamani gani kama serikali inaweza kushindwa kesi leo, na kesho ikamtendea mtu mwingine vile vile?