Kipaji na Nafasi katika Sinema za Kihindi

Wazee wetu waliojaza majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kutazama Awaara ya mwaka 1951 walimsifu mchezaji kwa kipaji chake, na sifa hiyo ilikuwa haki. Lakini kipaji ni mbegu, na mbegu njema iliyoanguka juu ya jiwe haioti. Yafaa tuulize katika historia ya sinema za Kihindi: kijana mwenye kipaji alipewa udongo na nani, na kwa sababu gani?

Hapo mwanzo mlango ulikuwa wazi kwa kuwa walioutaka walikuwa haba. Dadasaheb Phalke alipotengeneza Raja Harishchandra mwaka 1913, kuigiza kulihesabiwa kuwa aibu kwa mwanamke. Sehemu ya malkia Taramati ilichezwa na kijana mwanamume, Anna Salunke, aliyekuwa akifanya kazi jikoni mkahawani. Katika Lanka Dahan ya mwaka 1917, Salunke huyo huyo alikuwa Rama, tena alikuwa Sita.

Alam Ara ilipoleta sauti mwaka 1931, uso mzuri peke yake haukutosha tena. Ulimi ulitakiwa pia. Zikasimama kampuni kubwa zenye wafanyakazi wa mshahara. Mojawapo ni Bombay Talkies, iliyoanzishwa mwaka 1934 na Himanshu Rai na mkewe Devika Rani. Ashok Kumar alikuwa msaidizi katika maabara ya kampuni hiyo. Mwaka 1936 aliitwa kushika sehemu ya shujaa katika Jeevan Naiya, akawa nyota. Baadaye Devika Rani alimwajiri Yusuf Khan, mwana wa mfanyabiashara wa matunda kutoka Peshawar, akampa jina la Dilip Kumar. Sinema yake ya kwanza, Jwar Bhata ya mwaka 1944, haikupata sifa. Sifa zilikuja na Jugnu mwaka 1947. Mshahara wa mwezi ulikuwa umempa kijana yule kitu kikubwa kuliko fedha: muda wa kujifunza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni hizo zilidhoofika, na mahali pao wakaingia watengenezaji waliojitegemea, wengi wao wakitumia fedha za kukopa. Mwenye deni huogopa jina geni. Ni kweli kwamba njia nyingine zilibuniwa. Chuo cha filamu kilifunguliwa Pune mwaka 1960, nacho kikatoa watu kama Jaya Bhaduri na Shabana Azmi. Shindano la vipaji la mwaka 1965 lilimtoa Rajesh Khanna, ambaye kwa Aradhana ya mwaka 1969 aliwapita wote kwa kupendwa. Hata hivyo, njia ya nasaba ilizidi kupanuka. Mwaka 1973 Raj Kapoor, mwenyewe mwana wa mwigizaji Prithviraj, alimweka mwanawe Rishi kuwa shujaa wa Bobby.

Wako wasemao kwamba maji hufuata mkondo, na mwana kurithi kazi ya babaye si dhambi. Hayo ni kweli, na Rishi Kapoor alikuwa mwigizaji hodari. Lakini tutazame upande wa pili. Abhishek Bachchan alianza mwaka 2000 kwa Refugee. Sinema zake nyingi za mwanzo hazikufaulu, naye akaendelea kupewa sehemu kubwa, hata akasifiwa kwa Yuva mwaka 2004. Nawazuddin Siddiqui, mwana wa mkulima aliyesomea uigizaji Delhi, alionekana kitambo kidogo tu katika Sarfarosh mwaka 1999. Alingoja mpaka Gangs of Wasseypur ya mwaka 2012 ndipo umma ukamjua vema. Miaka 13 ilipita, na kipaji chake kilikuwapo muda wote.

Ni dhahiri basi kwamba tofauti kubwa baina ya vijana hawa si mlango wa kuingilia tu, bali ni ruhusa ya kushindwa na kujaribu tena. Ruhusa hiyo zamani ilitolewa na kampuni kwa kijana yeyote iliyemwajiri. Kampuni zilipokufa, jamaa walibaki nayo. Nasi watazamaji, kwa kununua tikiti kwa majina tuliyoyazoea, tumesaidia kuifungia ndani ya nyumba chache. Kipaji kilichonyimwa nafasi hakipigi kelele, wala hakuna ajuaye hesabu ya waliorudi makwao kabla mwaka wa 13 haujawafikia.