Historia ya Miwani na Swali la Mama wa Busia



Ndugu wasomaji, siku moja baada ya masomo ya watoto, mama mmoja anayeishi Busia upande wa Kenya alituletea karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi ya vipimo vya macho ya binti yake wa darasa la sita, ambaye alipimwa Tororo walipokwenda kumtembelea shangazi yake. Mwalimu alikuwa amelalamika mara tatu kwamba mtoto ni mvivu, hanakili yaliyo ubaoni. Kumbe haoni ubao. Mama akatuuliza: "Dukani nimetajiwa bei, na kwenye simu nimeona miwani kama ile ile kwa nusu yake. Niagize mtandaoni, au nirudi kwa fundi?"

Tulimjibu haraka haraka, tena kwa kujiamini: kama namba ziko kwenye karatasi, basi aagize popote penye bei nafuu. Jibu hilo halikuwa zuri, na mtaona mbele tulivyolijutia. Baada ya hapo tulianza kusoma miwani ilivyopita mikononi mwa watu mpaka ikafika hapa mpakani, na tumeona tuwashirikishe wazazi wenzetu na wanafunzi.

Wengi wetu tumelisikia jina la Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Misri karibu na mwaka 1040. Kabla yake wapo wanazuoni wakubwa walioshikilia kwamba jicho ndilo linalotoa mwanga na kuutupa kwenye vitu. Yeye, katika Kitab al-Manazir, alieleza kwa majaribio kwamba mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel. Zama hizo hizo Baghdad ilikuwa na tabibu Ali ibn Isa, aliyeandika kitabu cha maradhi ya macho kilichotumiwa kwa karne nyingi, na Misri ilikuwa na Ammar al-Mawsili, aliyeeleza namna ya kufyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu.

Hata hivyo tuseme kweli, kwa sababu mara nyingi huandikwa kwamba Waislamu ndio waliobuni miwani. Ibn al-Haytham hakutengeneza miwani. Alitufahamisha jicho linaonaje, na hilo si jambo dogo. Miwani yenyewe ilianza Italia karibu na mwaka 1286. Twajua hivyo kwa sababu mhubiri mmoja, Giordano wa Pisa, aliwaambia watu wa Florence mwaka 1306 kwamba haijatimia miaka ishirini tangu sanaa hiyo ipatikane. Ilipokuja kwetu Mashariki ilikuja kama bidhaa ya wageni, na mshairi Jami wa Herat, aliyefariki mwaka 1492, aliitaja katika utenzi wake kuwa ni kioo cha Wafaranji.

Sasa zingatieni jambo hili, maana ndilo lililotufungua macho. Kwa karne nyingi tangu hapo miwani iliuzwa bila kupimwa mtu. Mchuuzi alipita na sinia lake, mzee akajaribu moja, akajaribu ya pili, akachukua ile iliyomwonesha maandishi. Vishikio vya masikioni vyenyewe vilikuja London katika miaka ya 1720, na kabla ya hapo watu walibana miwani puani au kuishika kwa mkono. Anayepita leo karibu na mpaka wa Busia, penye foleni ya malori na wabadilisha fedha, atamkuta mchuuzi yule yule wa zamani: miwani ya kusomea imepangwa kwenye kadibodi, imebandikwa +1.50, +2.00, +2.50, na mteja anashika kipande cha gazeti kujaribia.

Kipimo kilichelewa sana kuja. Mwaka 1851 Mjerumani Helmholtz alitengeneza chombo cha kutazamia ndani ya jicho. Mwaka 1862 Mholanzi Snellen akatoa ubao wa herufi zinazopungua ukubwa, ambao bado umetundikwa katika vyumba vya macho duniani kote. Miaka kumi baadaye Mfaransa Monoyer akapendekeza kizio cha dayopta, na hizo ndizo namba za -3.00 au +2.00 tunazoziona kwenye karatasi. Hapo ndipo ilipozaliwa ile karatasi aliyoikunja yule mama. Ikawa rahisi zaidi mtu kupimwa mahali pamoja na kutengenezewa miwani mahali pengine. Bila karatasi hiyo hapangekuwa na kuagiza mtandaoni.

Katika eneo letu, kupimwa huku na kununua kule ni mazoea ya siku nyingi. Mpaka mwaka 1902 sehemu yote hii, hata Kisumu, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda, kisha Waingereza wakaikata na kuitia upande wa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wana ndugu ng'ambo ya mstari. Reli ilipita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, na miji ya njiani ikajaa maduka ya Wahindi. Agosti mwaka 1972 Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Wakubwa wetu wanakumbuka milango ya maduka iliyobaki imefungwa. Watu husimulia zaidi habari za sukari na sabuni zilizokosekana, lakini ujuzi nao uliondoka, na mwenye ujuzi hapatikani kwa kuvunja kufuli la duka lake.

Ujuzi huo umekuwa ukirejeshwa kidogo kidogo. Chuo cha KCMC cha Moshi kimefundisha wapima macho kwa miaka mingi, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Kakamega kinafundisha, na Makerere ilianzisha shahada yake mwaka 2014. Tororo ina Hospitali ya Macho ya Benedictine, na upande wa Kenya iko Hospitali ya Macho ya Sabatia kule Vihiga. Kwa hiyo mkazi wa mpakani hayuko gizani kabisa. Kilichomlemea ni nauli, siku ya kazi inayopotea, na bei ya fremu.

Hapo ndipo mtandao ulipoingia. Marekani ilipata duka la Zenni mwaka 2003, na Uingereza ikapata Glasses Direct mwaka 2004, lililoanzishwa na mwanafunzi aliyeshangazwa na bei ya miwani yake mwenyewe. Kwetu njia ilifunguliwa na simu: M-Pesa mwaka 2007, fedha za MTN Uganda mwaka 2009, kisha maduka kama Jumia, iliyoanza Kenya mwaka 2013. Mpaka ambao zamani ulivukwa kwa baiskeli, zile zilizotupa neno bodaboda, sasa unavukwa na kifurushi kilicholipiwa kwa simu. Hatuwezi kusema hilo ni baya. Wauza miwani wa mtandaoni wamewalazimisha wenye maduka kueleza bei zao, na wapo wenye maduka ambao walihitaji kulazimishwa.

Lakini je, hicho kinachofika ndicho kilichoandikwa? Mwaka 2011 Karl Citek na wenzake wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliagiza miwani kutoka maduka kumi ya mtandaoni, wakapokea 154. Karibu nusu, asilimia 44.8, zilikuwa na lenzi iliyoshindwa angalau kipimo kimoja, cha namba au cha uimara. Hayo yalikuwa ya wakati ule na ya nchi ile, na biashara hiyo imebadilika tangu hapo. Hata hivyo yanaonesha kwamba si busara kupokea kifurushi na kukivaa bila kukihakiki.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni yale yasiyoandikwa kwenye karatasi. Kila lenzi ina kitovu chake, na kitovu hicho lazima kikae mbele ya mboni ya jicho. Mtu mzima wa kawaida ana kama milimita 63 kutoka mboni hadi mboni, mwingine 56, mwingine 70, na mtoto huwa na chache zaidi. Vitovu vikikaa pembeni, lenzi huyavuta macho upande, na mvaaji huumwa kichwa bila kujua sababu. Namba ikiwa ndogo, mwili huvumilia. Ikiwa kubwa, kosa la milimita chache huuma. Kisha kuna pua. Fremu nyingi zimechongwa kwa pua nyembamba zilizoinuka, na kwenye pua zetu nyingi huteleza mpaka mtoto anachungulia juu ya vioo. Fundi hupasha moto vishikio, akavikunja nyuma ya sikio, akamwambia mtoto ainame na atikise kichwa. Kazi hiyo haifiki kwa kifurushi.

Kwa hiyo ikiwa mzee wetu anasogeza Mus'haf mbali na uso kila mwaka, na kuona mbali hana shida, miwani ya kusomea ya bei nafuu yaweza kumtosha, ya dukani au ya mtandaoni. Utafiti wa Bangladesh uliotolewa mwaka 2024 ulionesha kwamba wafanyakazi waliopewa miwani ya kusomea tu waliongeza kipato kwa asilimia 33.4 kuliko wenzao wasiopewa. Ila mzee huyo asikose kwenda kupimwa. Presha ya macho haiumi wala haitangazi kuja kwake, na sisi Waafrika tumo katika wanaopatwa nayo sana. Mchuuzi wa kadibodi hawezi kuiona, na tovuti haiwezi kuiona.

Mtoto ni jambo jingine kabisa. Hasemi kwamba haoni, kwa sababu anadhani kila mtu huona hivyo. Kwake simu ina kazi nyingine nzuri kuliko kununulia. Kule Kitale, si mbali nasi, Dkt. Hillary Rono na wenzake walijaribu programu ya simu iitwayo Peek katika shule 25 kati ya 50. Walimu waliwapima watoto kwa simu, wazazi wakaoneshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona, na ujumbe wa kuwakumbusha ukatumwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kwamba katika shule hizo asilimia 54 ya watoto walioelekezwa kwa daktari walifika. Katika shule zilizotumia njia ya kawaida walifika asilimia 22 tu.

Tumrudie mama yetu. Alifuata jibu letu la haraka, akaagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Miwani ilifika baada ya wiki tatu, nzuri kwa kutazama, na namba zilikuwa sahihi. Binti aliivaa siku mbili kisha akaanza kuivua darasani, akasema kichwa kinamgonga. Mwalimu akarudia lile neno la uvivu. Mama alituletea ile miwani bila kutulaumu, na hilo lilituuma zaidi.

Tulifuatana naye kwa fundi. Aliiweka kwenye mashine yake, akatia alama ya kalamu kwenye kitovu cha kila kioo, akapima kwa rula: milimita 63. Akamkalisha binti kwenye kiti, akampima mboni: 52. Kwenye fomu ya kuagizia palikuwa na nafasi ya kuandika umbali huo. Karatasi haikuwa nao, mama akaiacha wazi, na muuzaji akajaza kipimo cha mtu mzima. Tulimwuliza fundi kwa nini umbali wa mboni haukuandikwa kwenye karatasi. Akasema wengi hawauandiki kwa sababu hakuna mteja anayeuomba.

Mama akauomba palepale. Fundi akauandika chini ya zile namba na kupiga mhuri. Kisha akatia vioo vipya kwenye fremu ile ile ya mtandaoni, akavipasha moto vishikio, na kumwambia binti asome kibao cha duka lililo ng'ambo ya barabara. Akakisoma chote, mpaka namba ya simu iliyoandikwa chini kwa herufi ndogo.