Kadi Iliyoufufua Waya wa Simu

Waya wa simu ya mezani ulitandazwa kwa ajili ya sauti ya mtu tu. Mazungumzo hayahitaji hata kilohezi 4, na ndani ya nafasi hiyo finyu modemu za miaka ya 1990 zilifikia ukomo wake: kilobiti 56 kwa sekunde. Shaba yenyewe hubeba masafa ya juu zaidi ya hapo. Shida ni kwamba yanafifia waya unaporefuka, tena jozi nyingi za nyaya hulala katika kebo moja, na mawimbi ya jozi moja huvujia nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Joseph Lechleider, mhandisi wa Bellcore huko New Jersey, alitambua kwamba kelele hizo zingepungua sana kama kasi ya pande mbili isingelingana: data nyingi ziende kwa mteja, chache zirudi. Ndiyo asili ya teknolojia ya ADSL. Kampuni za simu zilitaka kuuzia watu filamu majumbani. Intaneti ilikuja kunufaika baadaye.

Mbinu iliyoshinda ni ya John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Aliyagawa masafa, hadi kilohezi 1,104, katika vichochoro 256. Bellcore ilipozishindanisha mbinu mwaka 1993, ya kampuni yake, Amati, iliziacha nyingine mbali, na mwaka 1995 ikawa kiwango rasmi cha Marekani.

Kwa upande wa kituo, kazi hiyo hufanywa na kadi ya laini, bamba la saketi linalochomekwa kwenye mtambo wa kituo cha simu. Modemu ya nyumbani ikiwashwa, yenyewe na kadi huanza kwa kuupima waya, kila kichochoro kwa hali yake. Kilicho safi hupewa hadi biti 15 kwa mpigo. Chenye kelele hupunguziwa, au huachwa kabisa. Kukiwa na kituo cha redio ya AM jirani, vichochoro vinavyoangukia masafa yake huharibika, navyo hukwepwa bila mteja kujua. Kwangu huu ndio ufundi wenyewe: waya mbovu haukuhitaji kung'olewa, ulihitaji kueleweka.

ADSL2+ ya mwaka 2003 ilifikisha megabiti 24. VDSL2, mwaka 2006, ilipanda hadi megahezi 30 na kuvuka megabiti 100, lakini kwa waya mfupi tu. Ndiyo maana kadi zilihamishiwa kwenye makabati ya mitaani, karibu na nyumba. Mwaka 2010 kikaja kiwango kinachoiwezesha mitambo kukokotoa kelele zitakazovuja kati ya laini na kutuma kinyume chake ili zifutane. Hapo sharti mtambo mmoja usimamie laini zote za kebo.

Kama bado unatumia intaneti ya waya wa shaba na kasi yake haikuridhishi, kabla ya kulipia kifurushi kikubwa zaidi muulize fundi waya wako una urefu gani kutoka nyumbani hadi kwenye kadi.