Wati 15 zilitosha: spika ya Quad na amplifaya zilizoiunguza

Ingia duka lolote la sabufa leo, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni kibandiko cha wati. Namba ni kubwa, imeandikwa kwa rangi ya dhahabu, na pembeni yake kuna herufi PMPO. Geuza mzigo uangalie waya wake wa umeme: mwembamba kama wa chaji ya simu! Nitarudi kwenye herufi hizo. Kwanza twende Huntingdon, Uingereza, mwaka 1957, tukaione spika iliyokuwa ikiungua ukiipa wati nyingi, na ikisumbua ukiipa amplifaya isiyoielewa.

Mwenye spika hiyo ni Peter Walker, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1936. Wengi waliijua kwa jina la bidhaa zake, Quad. Spika ya kawaida, ya wakati ule hata ya sasa, ina koni iliyogundishwa kwenye koili, na koili inacheza ndani ya sumaku. Muundo huo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walikuwa wameueleza tangu 1925. Walker akaachana nao. Alichukua utando wa plastiki mwembamba mno, akauweka katikati ya bamba mbili zenye matundu, akauchaji kwa volti 6,000 upande wa besi na 1,500 upande wa sauti nyembamba. Muziki ukifika kwenye bamba, utando unavutwa huku na kusukumwa kule. Kwa kuwa ni mwepesi kupindukia, hauchelewi kuanza wala kusimama. Ndiyo maana waliosikia ESL (hilo ndilo jina lake) walisifia zaidi sauti ya binadamu.

Sasa fikiria kiumeme. Bamba, nafasi, utando, bamba: hiyo ni nini? Kapasita! Na kama bado unakumbuka fizikia ya sekondari, kapasita huupinga mkondo kidogo zaidi kadiri frikwensi inavyopanda. Spika hii ilihesabiwa kuwa ya omu 16 hivi, lakini kwenye besi ukinzani wake ulipanda kupita omu 30, na kule juu, karibu na hezi 18,000, ukashuka chini ya 2. Yaani ndani ya wimbo mmoja amplifaya inabeba unyoya na gunia kwa wakati mmoja.

Mwanzoni hilo halikuwa tatizo, maana Walker alikuwa na amplifaya yake ya valvu, Quad II ya 1953, yenye wati 15. Wati 15 tu. Piga hesabu mwenyewe: wati ni volti kipeo cha pili, gawanya kwa omu. Kwa omu 16 unapata volti 15.5, na kilele cha wimbi kinafika 22 hivi. Kikomo cha spika kilikuwa volti 33. Ukifungulia sauti mpaka mwisho, amplifaya inachoka kabla spika haijaumia.

Kisha zikaja transista. Hapa ndipo watu walipoumia, na mimi nawaelewa, kwa sababu kila mtu angedhani kipya chenye nguvu zaidi ni bora zaidi. Amplifaya ya wati 100 kwa omu 8 hutoa kilele cha volti 40. Umeshavuka 33. Cheche zinaruka kati ya bamba na utando, utando unatoboka, na kitu cha thamani kimekwenda.

Kasoro ya pili ilijificha zaidi. Amplifaya hujisahihisha kwa kulinganisha inachotoa na inachopokea. Mzigo wa kapasita huchelewesha taarifa hiyo, kwa hiyo sahihisho linafika wakati si wake. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea ukitaka kumpunguza, ila umekosea muda: unamwongezea. Amplifaya inaanza kuimba yenyewe kwa frikwensi ambayo sikio halisikii, huku ikichemka. Baadhi ya amplifaya za mwanzo za transista zilikufa hivyo hivyo, kimya kimya.

Kwani hizo wati zote zilitafutwa za nini? Upande wa pili wa Atlantiki, mwaka 1954, Edgar Villchur alitoa AR-1, spika ya boksi dogo lililozibwa kabisa, yenye besi nzito ya ajabu kwa ukubwa wake. Gharama yake ni kwamba ilikula umeme mwingi kwa sauti kidogo. Kuongeza desibeli 3 ni kuzidisha wati mara mbili, desibeli 10 ni mara kumi. Mbio za wati zikaanza, na uongo nao ukafuata, mpaka mwaka 1974 serikali ya Marekani ikaweka kanuni ya namna ya kupima na kutangaza wati za amplifaya. PMPO ni mjukuu wa uongo ule ule; haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila mtengenezaji anajipimia.

Walker hakukimbilia. Amplifaya yake ya kwanza ya transista, Quad 303 ya 1967, ilikuwa na wati 45 na umeme wa ndani uliodhibitiwa, kwa hiyo kilele chake kwa omu 8 kilikuwa volti 27 hivi. Wati 100 alifika 1975 kwa Quad 405, na hiyo, kwa wenye ESL, ilihitaji kufungwa kizuizi cha volti.

Miaka ya 1980 tatizo likageuzwa kichwa chini. Apogee wa Marekani walitoa Scintilla, spika ya utepe wa chuma yenye omu 1. Hapo volti si hoja, hoja ni mkondo: wati 100 kwa omu 8 ni ampia 3.5, kwa omu 1 ni ampia 10. Amplifaya nyingi zilizima au zikaungua. Zilizoweza, kama za Krell, zilikuwa na transfoma nzito na joto la pasi.

Kwa hiyo ukiuliza "inataka wati ngapi?" fundi mzuri atakuuliza kwanza omu zake zinashuka mpaka ngapi, na inavumilia volti ngapi. ESL ilitengenezwa mpaka 1985, na hadi leo wapo wanaoitunza na kuiendesha kwa Quad II ile ile ya valvu, wati 15.