Droni yangu ya gramu 30 na swali la Ata

Desemba iliyopita nilikuwa narusha droni ndani ya stoo ya mjomba wangu pale Kainuk. Napita kati ya magunia ya mahindi, naingia chini ya meza, natokea kwa mlango wa nyuma. Nimevaa miwani ya video, sioni kitu kingine. Halafu nikasikia Ata, nyanya yangu, akiuliza kutoka nje: "Hiyo kitu ni ya serikali?"

Nikatua. Nikatoka nayo, nikamwekea kwa kiganja. Yai la kuku lina uzito karibu mara mbili ya hii droni, hata betri ikiwa ndani. Akaigeuzageuza, akanirudishia. Hakucheka.

Manze, hilo swali limenikalia. Kwa sababu ukiniuliza mimi, hii kitu imetoka kwa watu waliokuwa wanacheza. Cheki.

2009 Nintendo walitoa kifaa cha kuchomeka kwa rimoti ya gemu ya Wii, kinaitwa Wii MotionPlus. Ndani kuna jairoskopu, kidude kinachojua ukizungusha mkono. Mwaka uliofuata jamaa anaitwa Alexandre Dubus akaandika programu, MultiWii. Unakitoa hicho kidude kwa rimoti, unakiunganisha na bodi ya Arduino, na mota nne zinajifunza kukaa sawa hewani. Programu akaiacha wazi, anayetaka achukue. Wakachukua. Kutoka hapo ikaja Baseflight, halafu Cleanflight, halafu Betaflight, ambayo ndiyo inaendesha droni yangu leo. Kila hatua ni mtu ameketi usiku akirekebisha kazi ya mwingine bila kuomba ruhusa.

Udogo ulikuja baadaye. Kulikuwa na kichezeo kinaitwa Inductrix, propela zake nne ziko ndani ya pete za plastiki. 2016 Mmarekani Jesse Perkins akaifunga kamera ndogo sana, akaiita Tiny Whoop. Zile pete ndizo zilibadilisha kila kitu. Droni ya propela wazi ikigusa ukuta imeisha, na kidole chako pia kiko kwa hatari. Hii ikigonga ukuta inadunda na kuendelea na safari. Ghafla sebule ikawa uwanja wa ndege. Na kama uliona ile video ya Machi 2021, droni ikipita ndani ya ukumbi wa bouling kule Minneapolis mpaka nyuma ya mashine zinazopanga pini, hiyo ya Jay Christensen ni ndugu mkubwa wa hii yangu.

Kuijenga si maajabu. Fremu ya milimita 65, ukipima kutoka mota moja hadi ile ya kona ya pili. Bodi moja yenye kila kitu. Mota nne za 0802, hizo namba ni milimita 8 upana na 2 urefu za sehemu ya ndani yenye waya. Kamera, na betri ya seli moja, mAh 300, inayokupa dakika tatu au nne hivi. Kazi ngumu ni kuchomelea waya za betri, na hapo ndipo nilijiaibisha. Bodi yangu ya kwanza nilibadilisha nyekundu na nyeusi. Moshi, harufu, kwisha. Fundi wa simu hapo Lodwar aliniangalia tu akaniuliza kama mimi huvaa viatu pia kinyume.

Kwa stoo nikajifunza mengine. Chumba kikiwa kidogo, upepo ambao droni inasukuma chini unagonga sakafu na kuta unarudi, na droni inatetemeka kama ina malaria. Lazima uende ukisonga mbele, usisimame kwa hewa yako mwenyewe. Halafu nyuzi za magunia. Zinajifunga kwa shina la mota polepole, unadhani betri imechoka, kumbe mota imenyongwa. Nilikuwa na kibano cha nyusi cha binamu yangu, nikawa natoa nyuzi kila baada ya betri mbili. Kuchaji si shida, sola ya mjomba inatosha.

Sasa kwa nini stoo na nje kuna nafasi yote hiyo? Hapo ndipo Ata anaingia.

Kama hujawahi kufika, Kainuk iko kwa barabara ya A1. Ukitoka Kitale unashuka Marich Pass, unaacha West Pokot, unaingia Turkana, na sisi ndio mji wa kwanza. Bwawa la Turkwel liko karibu. Mbele kuna Lokichar, halafu Lodwar. Hiyo barabara imemwaga damu ya madereva, ya wachungaji, ya polisi. Februari 2023 polisi waliuawa upande huo wa kwetu, na mwezi huohuo serikali ikatuma KDF kote North Rift. Kwa mtoto wa hapa, kitu kinachonguruma juu kina maana moja tu: kuna operesheni, au kuna watu wameuawa mahali.

Na si mara ya kwanza mashine kutufikia kwa njia hiyo. 1979 Amin alipoanguka, kambi ya jeshi ya Moroto ng'ambo ya mpaka iliporwa, na bunduki zikaenea kwa wafugaji wa eneo hili lote. Wizi wa mifugo ulikuwepo kabla, lakini baada ya hapo ulikuwa kitu kingine.

Serikali nayo iliangalia droni kwa jicho lilelile. Ol Pejeta kule Laikipia walichangisha pesa mtandaoni wapate droni ya kulinda vifaru, wakakuta anga imefungwa. Sheria ikaandikwa 2017, Bunge likaifuta 2018, ikarudi upya 2020. Kwa hiyo miaka ile Rwanda inapeleka damu hospitalini kwa droni, tangu 2016, na Zanzibar inatumia wanafunzi wa SUZA kupiga picha za visiwa vyote kutoka juu ili kuchora ramani, kijana Mkenya alikuwa anaficha droni kwa begi la nguo. Hiyo ndiyo inaniuma. Sikatai usajili wala vibali, na kabla hujaagiza chochote uliza KCAA kwanza. Ninachokataa ni kwamba kwa miaka yote hiyo, hakuna aliyeona tofauti kati ya kitu cha vita na kitu cha gramu 30.

Nilikuwa nimepanga kumwambia Ata hivyo. Halafu nikakumbuka Ukraine. Droni zinazolipuka huko zinaendeshwa na programu za familia hiihii yangu, na rubani amevaa miwani kama yangu. Ile kazi ya usiku iliyoachwa wazi kwa kila mtu, jeshi pia ni mtu. Kwa hiyo swali lake halikuwa la kizamani. Mimi ndiye nilikuwa na nusu ya historia.

Jioni vijana wa pale stejini wakaja kuiona. Swali lao lilikuwa moja: inaweza kufuata ng'ombe wakiibwa? Nikawaambia ukweli, dakika nne, na nikizunguka tu nyuma ya duka picha inaanza kukatika. Mmoja akasema basi haina kazi. Mwingine, mdogo wao, akaomba kuvaa miwani. Nikampitisha kati ya magunia mpaka juu ya paa la ndani, pale panya wamefanya mji wao, na akapiga nduru mpaka mjomba akaja.

Ata aliniita kabla sijalala. Akasema kesho nikitaka kurusha, nimwambie kwanza, aende awaambie majirani.