Kumbukumbu za Marumaru za Ukoo wa Montagu, Kanisa la Mtakatifu Edmund, Warkton

Sehemu ya altare ya kanisa hili la parokia, lililoko Northamptonshire nchini Uingereza, ilijengwa upya katikati ya karne ya 18 ili ipokee kumbukumbu za John, Duke wa pili wa Montagu, aliyefariki mwaka 1749, na mkewe Mary, aliyemfuata mwaka 1751. Zote mbili zilichongwa na Louis-François Roubiliac, Mfaransa aliyefanya kazi London. Katika ile ya Duke, umbo la kike linalowakilisha Ukarimu, yaani upendo kwa wenye shida, linatundika medali, ambayo ni duara lililochongwa sura ya marehemu, huku mjane akiitazama kutoka chini kwa majonzi. Hapo ndipo ubora wa Roubiliac unapodhihirika, kwani msiba umekuwa tendo linaloendelea, si sanamu zilizopangwa tu. Kumbukumbu ya Mary inawaonyesha miungu watatu wa kike wa Wagiriki wa kale, walioaminiwa kusokota, kupima na kukata uzi wa maisha ya kila binadamu, na kuwaweka karibu na altare ya Kikristo kulihitaji ujasiri.

Binti wa Duke John na Mary, aliyefariki mwaka 1775, alichongewa kumbukumbu yake na Peter Mathias van Gelder kwa usanifu wa Robert Adam, na ya nne, ya Elizabeth, Duchess wa Buccleuch, ni kazi ya Thomas Campbell.

Wageni wanaombwa wasiziguse sanamu, kwa sababu mafuta ya ngozi hupenya ndani ya marumaru na kuacha madoa.