Vuga, Mji wa Wafalme, na Lutindi, Kimbilio la Wanyonge

Tangu kale Wasambaa walijua kwamba mlima ni ngome. Vuga, mji wa wafalme Wakilindi, ulikaa juu kilimani, na miteremko yake ndiyo iliyokuwa boma lake. Masimulizi ya wazee husema kwamba Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliwaondolea Wasambaa nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia nyama, nao wakamfanya mfalme. Enzi ile, basi, ilianza kwa kuwalinda watu.

Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea Mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye watu walimsalimu kwa jina la Simba Mwene. Mamlaka yake yalifika hadi pwani.

Kimweri alipofariki mwaka 1862, nyumba yake iligawanyika. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kando ya njia ya misafara, alijipatia bunduki kwa biashara. Akapigana na Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti, na Vuga ikateketezwa kwa moto. Katika vita hivyo watu walikamatwa na kuuzwa, mara nyingi na wale wale waliopaswa kuwalinda. Jambo hili lisifichwe watoto wetu: wageni hawakuiendesha biashara ya utumwa peke yao.

Majeraha ya biashara hiyo ndiyo yaliyozaa Lutindi. Mwaka 1896, juu ya mlima mwingine wa Usambara, Wakristo kutoka Ujerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokewa wagonjwa wa akili. Huduma hiyo ingaliko, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na wagonjwa hushiriki kazi za mikono na za shamba la chai.

Mgeni atakaye kuiona Vuga leo hupanda kutoka Mombo hadi Soni, kisha huendelea mpaka kilimani. Asitazamie kuta za mawe. Atakuta makazi, migomba na watu wa Mungu. Imempasa kuwasalimu wazee kwanza, kwa maana hapo pana kumbukumbu za wafalme.

Kisha na apande Lutindi pia. Vuga ya zamani haikumruhusu mgeni kuingia apendavyo. Lutindi ilifunguliwa kwa wasio na kwao. Usharika unaosherehekea miaka mia na ujiulize kama mlango huo ungali wazi.